Chanjo ya koksidiosisi kwa kuku wa nyama: namna ya kuitoa na kuisimamia katika mabanda ya Tanga

Mfugaji wa kuku wa nyama wa Tanga, awe Makorora na banda la kuku 200 nyuma ya nyumba au Pongwe na mabanda ya maelfu, anapolalamika kwamba kuku wake wanahara damu, mara nyingi anazungumzia koksidiosisi, ugonjwa unaoletwa na vimelea vya seli moja vya jenasi ya Eimeria, ambavyo huishi na kuzaliana ndani ya kuta za utumbo. Inafaa tangu mwanzo kuvitenga vimelea hivi na minyoo, kwa sababu wapo wanaofika kwenye duka la dawa za mifugo wakiulizia chanjo ya minyoo ya kuku, na chanjo ya namna hiyo haiuzwi popote. Minyoo kama Ascaridia galli hutibiwa kwa piperazini, levamisoli au albendazoli. Koksidia, yaani hivyo vimelea vya Eimeria, ndivyo vimelea vya utumbo ambavyo kuku anaweza kuchanjwa dhidi yake. Mwongozo huu unahusu chanjo hiyo peke yake, na msomaji asishangae kuona matandiko ya banda yamepewa nafasi kubwa kuliko chupa yenyewe.

Aina saba za Eimeria hutambuliwa kwa kuku, na kwa kuku wa nyama tatu kati yake ndizo zinazoleta hasara kubwa. E. acervulina hukaa sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, E. maxima hukaa katikati, na E. tenella hukaa kwenye vifuko viwili vya utumbo kipofu karibu na mwisho. Damu nyingi kwenye kinyesi cha kuku wa nyama huwa ni kazi ya tenella. Zile mbili nyingine huharibu utumbo bila damu ya kuonekana kwa urahisi, hivyo mfugaji huona tu kwamba mifuko ya chakula inaisha na uzito hauji, kuku hawalingani, na miguu yao imepauka. Kwa maoni yangu hasara hii ya kimyakimya huuma zaidi kuliko vifo, maana muuza chipsi kuku hununua kwa ukubwa wa kuku anayemwona, wala haulizi amekula kilo ngapi. Kinga dhidi ya aina moja haimlindi kuku dhidi ya aina nyingine. Kwa hiyo jambo la kwanza kusoma kwenye lebo ni kama chanjo ina zote tatu. Chanjo zenye nyongeza ya E. necatrix na E. brunetti zimelengwa hasa kwa kuku wa mayai na kuku wazazi, ambao huishi muda mrefu.

Chanjo zinazotumika kwa vifaranga ni vimelea hai. Ndani ya chupa mna vijiyai vya Eimeria vilivyokwisha komaa, vikiwa vimehesabiwa ili kila kifaranga apate kiasi kidogo ambacho utumbo wake unaweza kukimudu. Ya kwanza kuuzwa ilikuwa Coccivac, iliyotoka Marekani mwaka 1952 na kutumia vimelea vyenye makali yake ya kawaida. Mwaka 1989 Uingereza ilitoa Paracox, ambayo vimelea vyake vimepunguzwa makali kwa kuchagua, kizazi baada ya kizazi, vile vinavyomaliza mzunguko wao mapema na hivyo kuzaliana kidogo. Mtu akinitaka ushauri kwa banda la pwani, ambako unyevu hausubiri kualikwa, nitamwelekeza kwenye chanjo za kundi hili la pili.

Kifaranga akimeza vijiyai hivyo, vimelea huzaliana utumboni, na baada ya siku nne hadi saba vijiyai vipya hutoka pamoja na kinyesi. Vinapotoka bado haviwezi kuambukiza. Vinahitaji joto, hewa na unyevu kwa muda wa siku moja au mbili ili vikomae ndani ya matandiko, kisha kifaranga huvidonoa tena. Dozi ya siku ya kwanza ni mwanzo tu, na kinga yenyewe hujengwa na mizunguko miwili au mitatu inayofuata, ikakamilika kati ya wiki ya tatu na ya nne. Ukiweka chanjo ya kideri kwenye maji na kuku wakainywa yote kwa wakati, kazi yako kwa siku hiyo imekwisha. Hii ya koksidia, kazi yake huanzia hapo, na huendelea kwenye maranda ambayo wewe ndiye unayeyatunza.

Kuamua kama inafaa

Sidhani kwamba kila mfugaji anapaswa kuchanja. Kuku waliochanjwa hupunguza kasi kidogo katika wiki ya tatu, wakati utumbo unapopambana na mizunguko hiyo, kisha hufidia baadaye. Anayeuza kuku wadogo wa siku 28 hadi 32 hawapi nafasi ya kufidia, na kwake chakula chenye dawa ya kuzuia koksidia ni njia rahisi zaidi. Chanjo ina maana kwa anayefuga hadi wiki ya sita au zaidi, kwa anayefuga chotara wanaokaa bandani miezi kadhaa, na hasa kwa yule ambaye dawa zilizozoeleka zimeanza kumshinda, yaani ametoa amproliamu au salfa kwa kipimo sahihi na kuku wameendelea kuhara. Usugu wa koksidia dhidi ya dawa ni jambo linalojulikana duniani kote, na banda ambalo limetumia dawa ileile kila mzunguko kwa miaka hulikaribisha.

Kipo kikwazo kingine cha kawaida kwa mfugaji mdogo. Chupa nyingi huwa za dozi 1,000 au zaidi, na chupa iliyofunguliwa haihifadhiwi hadi kesho. Njia ya busara ni majirani wanaoagiza vifaranga kwa wakala mmoja kupanga wapokee siku moja na kugawana chupa saa hiyohiyo. Njia isiyofaa kabisa ni kuwapulizia vifaranga 300 dozi zote 1,000 ili fedha isipotee. Huko ni kuwapa ugonjwa wenyewe kwa mkono wako.

Kuipata, kuisafirisha na kuihifadhi

Agiza kupitia daktari wa mifugo au kwa wakala wa vifaranga, na uhakikishe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Baadhi ya vituo vya kutotolea vifaranga duniani huchanja hapohapo kwa mashine kabla ya kupakia, na ukipata wa namna hiyo umeondokewa na nusu ya kazi. Omba uandikiwe jina la chanjo na tarehe, usije ukachanja mara ya pili.

Chanjo hukaa kwenye joto la nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi na haipaswi kuganda hata kidogo, kwa sababu kuganda huua vimelea. Hili linahitaji uangalifu wa pekee Tanga, ambako barafu ya mabonge ya kuhifadhia samaki ndiyo iliyo karibu na rahisi. Chupa ikilazwa juu ya bonge lile kwa safari ya kutoka Dar es Salaam, ambayo ni kama kilomita 350, itafika ikiwa safi kwa macho na imekufa kwa ndani. Izungushie kitambaa au magazeti ya kutosha, itenganishwe na barafu kwa kipande cha boksi, na boksi zima lisikae juani kwenye buti la basi. Nyumbani ihifadhiwe kwenye rafu ya katikati ya friji, mbali na sehemu ya kugandishia na mbali na ukuta wa nyuma.

Chakula kabla ya yote

Kwa kuwa chanjo ni vimelea hai, dawa yoyote inayoua koksidia itaiua nayo. Chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama kinachouzwa madukani mara nyingi huwa kimechanganywa na salinomisini, monensini, maduramisini, diklazurili au dawa nyingine ya kundi hilo. Soma lebo ya mfuko, na ikiwa haisemi, muulize mtengenezaji na upate jibu la wazi kabla ya kulipa. Anayechanganya chakula chake mwenyewe achunguze pakiti ya virutubisho, kwa kuwa baadhi ya pakiti hizo huwa na dawa ndani yake. Vilevile iachwe ile desturi ya kuwapa vifaranga salfa au viuavijasumu vya kujikinga katika siku za mwanzo, maana salfa huzuia koksidia. Glukosi na vitamini za siku ya kwanza hazina ubaya wowote.

Siku ya kuchanja

Chanjo hutolewa siku ya kwanza ya kifaranga, au ndani ya siku chache ambazo lebo imeruhusu, na kadiri inavyowahi ndivyo kinga inavyowahi. Vifaranga wanaofika usiku wakiwa wamechoka na safari wapewe kwanza joto na maji, kisha wachanjwe asubuhi kukiwa na mwanga mzuri. Mwanga ni sehemu ya kazi: chanjo ya kupulizia huingia mwilini kwa kifaranga kujidonoa manyoya yake na ya wenzake, akivutwa na matone yanayong'aa, na gizani hadonoi.

Tuchukue mfano wa chanjo ambayo lebo yake inaelekeza mililita 25 za mchanganyiko kwa vifaranga 100. Chupa ya dozi 1,000 itachanganywa na maji safi hadi ifikie mililita 250, na mwenye vifaranga 300 atachukua mililita 75, mwenye 450 atachukua 112 na nusu. Pima kwa bomba la sindano kubwa. Vijiyai ni vizito na huzama haraka chini ya chombo, kwa hiyo tikisa taratibu kabla ya kila kipimo na uendelee kutikisa wakati wa kupulizia; asiyetikisa atawapa vifaranga wa boksi la kwanza maji matupu na wa mwisho dozi ya kuwaumiza, au kinyume chake. Makosa mengi ya chanjo hii huanzia hapa, na hayaonekani mpaka wiki ya tatu.

Tumia bomba la mkono jipya, lisilowahi kutiwa kiuatilifu wala dawa ya kusafishia, na ulirekebishe litoe matone makubwa badala ya ukungu. Ukungu huelea, hukauka upesi na huingia puani; tone hukaa juu ya manyoya likasubiri kudonolewa. Vifaranga wawe ndani ya maboksi yao, bomba liwe kama sentimita 20 hadi 30 juu yao, na upitishe mara kadhaa ili kila kona ipate. Rangi nyekundu inayotolewa na mtengenezaji itumike, kwa kuwa huwavutia vifaranga na humwonesha mfugaji sehemu zilizorukwa. Waache ndani ya boksi dakika 15 hadi 30 mahali penye joto pasipo na upepo mpaka wakauke, ndipo wamwagwe kwenye eneo la kulelea. Fungua midomo ya wachache: ulimi wenye rangi ni dalili kwamba wamekula.

Kwa asiye na bomba linalofaa, chanjo nyingi huruhusu kunyunyizia juu ya chakula cha kwanza kilichotandazwa kwenye trei au karatasi, kiasi ambacho vifaranga watakimaliza chote kabla ya kuongezewa kingine. Chakula kitandazwe sehemu nyingi ili wanyonge nao wafike. Njia ya maji ya kunywa ndiyo ninayoipenda kidogo zaidi, kwa sababu ileile ya kuzama: bila kiungo cha kufanya maji yawe mazito, vijiyai hulala chini ya chombo na vifaranga hunywa maji ya juu.

Wiki tatu za matandiko

Tandaza maranda au pumba za mpunga mpya, kina cha sentimita tano hadi kumi. Pumba hupatikana kwa wingi kutoka kwenye mashine za Korogwe na Mombo, na maranda kwenye karakana za mbao. Vumbi laini la msumeno liachwe, kwa kuwa hushikamana likilowa na vifaranga hulila. Mabanda yenye sakafu ya waya au ya mbao zilizoachana hayafai kwa chanjo hii, kwani kinyesi huanguka chini na mzunguko hukatika.

Unyevu unaotakiwa ni kama asilimia 20 hadi 30, na mkono hutosha kuupima. Shika matandiko kiganjani, kaza ngumi, kisha fungua: yakishikana kidogo na kuachana polepole, yako sawa; yakibaki donge, yamelowa kupita kiasi na vijiyai vitakomaa kwa wingi kuliko utumbo unavyoweza kustahimili; yakimwagika yote kama mchanga mkavu, vijiyai havitakomaa na chanjo itakuwa imefia mzunguko wa kwanza. Pima karibu na vyombo vya maji, katikati na pembeni, kila siku mbili tangu siku ya tano.

Majira ya Tanga hubadilisha kazi hii kabisa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na kwa kiasi fulani wakati wa vuli, tatizo ni maji: mvua ya upepo hupenya kwenye waya wa banda, hewa yenyewe ni nzito, na pumba hulowa bila kumwagikiwa na chochote. Shusha turubai upande unaotoka mvua na uache upande wa pili wazi, kwa sababu mfugaji anayefunga pande zote ili kuzuia mvua huufungia ndani unyevu wa pumzi na kinyesi, na harufu ya amonia itamwambia hivyo. Inua vyombo vya maji kila baada ya siku chache ili kingo zake zilingane na mgongo wa kuku, na geuza matandiko kwa reki. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hali hugeuka: joto kali na upepo hukausha maranda yakawa vumbi, na hapo inabidi kunyunyiza maji kidogo sana sehemu wanazolala vifaranga kati ya siku ya tano na ya kumi. Wengi hushangaa kuambiwa waloweshe banda kwa makusudi. Ndivyo ilivyo, kwa kiasi cha kutuliza vumbi tu.

Usiondoe matandiko yote katika wiki tatu za kwanza. Ile desturi nzuri ya usafi, ya kubadilisha maranda kila Jumamosi, kwa kundi lililochanjwa ni kutupa dozi ya pili na ya tatu jalalani. Ondoa mabonge yaliyolowa karibu na maji, jazia makavu, basi. Unapopanua eneo la kulelea, panua taratibu, na chota matandiko ya zamani uyasambaze kwenye sehemu mpya ili vijiyai viwafuate kuku.

Ratiba ya chanjo nyingine iendelee kama daktari alivyopanga, kwa mfano kideri siku ya 7 na 21 na Gumboro siku ya 14. Gumboro isirukwe, kwa sababu ugonjwa huo hudhoofisha kinga ya mwili, na kuku asiye na kinga hawezi kujifunza chochote kutokana na chanjo ya koksidia. Mahindi yenye ukungu hufanya madhara ya namna hiyohiyo kupitia sumukuvu, na ghala la pwani lisilopitisha hewa huyazalisha upesi.

Kukagua, na la kufanya mambo yakiharibika

Kati ya siku ya 14 na ya 21 utaona kinyesi laini kidogo, pengine chenye ute wa rangi ya machungwa. Hilo ni la kawaida. Kuku kujikunyata, kuacha kula, damu nyingi au vifo vinavyoongezeka siku hadi siku si la kawaida. Karibu na siku ya 18 hadi 21 chinja kuku watatu hadi watano na upasue utumbo mzima. Mistari myeupe iliyokatiza mwanzoni mwa utumbo ni acervulina. Ute wa machungwa katikati na utumbo uliovimba ni maxima. Damu kwenye utumbo kipofu ni tenella. Madaktari hupima ukubwa wa vidonda vya utumbo kwa kipimo cha Johnson na Reid cha mwaka 1970, cha alama 0 hadi 4, na alama 1 kwa baadhi ya kuku waliochanjwa haipaswi kumtia mtu hofu. Maabara inaweza pia kuhesabu vijiyai kwa kila gramu ya kinyesi; Tanga ina kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Kinyesi kisichokuwa na kijiyai hata kimoja siku ya saba au ya nane humaanisha chanjo haikushika.

Ikibidi kutibu, daktari ataweza kuanza na amproliamu kwenye maji kwa siku chache. Dawa hii hufanya kazi kwa kuwanyima vimelea vitamini B1, kwa hiyo usiwape kuku mchanganyiko wa vitamini wenye B1 siku hizohizo, kosa ambalo huifanya dawa ionekane dhaifu. Toltrazurili ni kali zaidi na hutolewa kwa siku mbili. Kuku wakianza kufa ghafla kati ya siku ya 18 na 28 huku utumbo ukiwa umepasukapasuka ndani na kunuka, mshuku pia bakteria Clostridium perfringens, ambaye hufuata nyuma ya maxima, na ambaye amproliamu haimgusi.

Kundi likishauzwa, ondoa matandiko yote, osha, kisha uache banda likauke kwa jua na hewa kwa wiki mbili. Klorini na dawa nyingi za kusafishia haziviui vijiyai. Ukavu na joto ndivyo vinavyovipunguza. Baada ya makundi mawili au matatu ya kuchanja unaweza kurudi kwenye chakula chenye dawa, kwa sababu vimelea vya chanjo havijawahi kuzoea dawa na huchukua nafasi ya vile sugu vilivyokuwa bandani, na dawa iliyokuwa imeshindwa huweza kufanya kazi tena kwa muda. Ukiendelea kuchanja, agizo la chanjo litolewe pamoja na agizo la vifaranga, na chakula kisicho na dawa kiwe kimefika nyumbani kabla yao.